Mtahiniwa Ambaye Karatasi Zake Hazikusahihishwa

Jamaa zetu, majirani, walimu na wanafunzi wa zamani, na ninyi mliofunga maduka asubuhi hii mkaja kusimama juani pamoja nasi: poleni, na asanteni. Familia imeniomba niwasomee maisha ya dada yangu. Mimi ndiye niliyeachiana naye ziwa, wa pili kuzaliwa, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, na mengine alinisimulia mwenyewe tukiwa jikoni kwake. Nitajaribu kusoma bila kukatika. Nikikatika, mnivumilie.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha duka la dobi, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu. Dobi mwenyewe alikuwa baba yetu. Mama alikuwa akisema kwamba uchungu ulimshika mashati ya wateja yakiwa kwenye kamba, na katika ile hekaheka hakuna aliyekumbuka kuyaanua. Ikanyesha. Baba alishinda wiki nzima akiwaomba watu radhi huku akicheka mpaka masikioni, na mtoto wake akampa jina la Mvua. Mtu mwingine yeyote akimwita hivyo hakuitika. Baba akimwita, alikimbia.

Alianza darasa la kwanza Januari 1968, akiwa tayari anajua kusoma. Hakuna aliyemfundisha. Baba alikuwa akishonea vipande vya kitambaa kwenye kola za mashati, vyenye majina ya wenyewe, na dada alikaa chini ya meza ya pasi akivisoma kwa sauti. Mteja aliyekuja kugomba kwa sababu ya kifungo kilichopotea akisikia jina lake linatoka chini ya meza, alisahau kifungo. Mwaka 1974 alimaliza darasa la saba, na Januari 1975 akaingia sekondari, wa kwanza katika ukoo wetu, kwa baba na kwa mama. Baba alimpigia pasi sare yake kila jioni kwa miaka minne. Hakumruhusu mtu mwingine kuigusa, hata mama.

Alipenda biolojia kuliko kula. Kuna mchoro wake wa figo ambao mwalimu aliubandika ukutani, na sisi wa madarasa ya chini yake, mimi nikiwemo, tuliunakili bila kujua ni wa nani mpaka tulipoona herufi za jina lake pembeni, ndogo kama mchwa.

Mtihani wa kidato cha nne ulifanyika Novemba 1978. Somo la mwisho lilikuwa hiyo biolojia, Jumatano tarehe 22, asubuhi. Ndani ya ukumbi walikuwa watahiniwa thelathini na tisa. Dada alikuwa amefika swali la saba, amekwisha kuchora, anaweka majina ya sehemu, mlango ulipofunguliwa. Waliingia wanaume wawili wa ofisi ya mitihani na askari mmoja. Mmoja akasema, "Wekeni kalamu chini. Simameni mlipo." Mtahiniwa mmoja alikutwa na maswali yamekunjwa ndani ya soksi; kumbe mtihani ulikuwa umevuja siku mbili kabla, ukauzwa mtaani. Simtaji mwenzetu yule. Naye alikuwa mtoto wa miaka kumi na saba. Karatasi za wote zilikusanywa, zikatiwa kwenye mfuko, mfuko ukapigwa lakiri mbele yao. Wiki mbili baadaye shule ikapata barua: matokeo ya kituo kizima yamefutwa, masomo yote, watahiniwa wote, na hakuna ruhusa ya kurudia mtihani kwa miaka mitatu.

Baba alivaa koti la mteja, Mungu amsamehe, akaenda naye kwa mkuu wa shule. Dada alikuwa akinisimulia mazungumzo yale neno kwa neno.

"Mwalimu, huyu mtoto wangu aliiba?"

"Hapana, mzee wangu. Huyu hata kuangalia pembeni hajui."

"Basi mpe cha kwake."

"Sina cha kumpa. Hata mimi nimesimamishwa kazi tangu jana."

Baba akauliza, "Sasa twende kwa nani?"

Mkuu wa shule akafungua viganja vyake tu. Wakarudi nyumbani kwa miguu, baba amelivua lile koti na kulikunja mkononi lisije likachafuka. Njiani akamwambia, "Mvua, nisamehe." Dada alisema hilo lilimwumiza kuliko ile barua, maana baba hakuwa na kosa hata la kutafuta kwa tochi.

Mchapaji wa ratiba mliyoishika ana fomu yake ya wasifu, na ndani yake kuna mstari unaouliza kiwango cha elimu cha marehemu. Alitaka kujua ajaze nini. Mpwa wangu wa kiume, mwana wa marehemu, akasema kidato cha nne. Baba yake akasema, hapana, iandikwe kidato cha nne, halafu "hakuna matokeo", kama ilivyokuwa kwenye faili la kazi la marehemu. Mimi nikasema tuandike alichokijua, wakaniuliza nitakiandika kwenye mstari mmoja vipi. Tulibishana nusu saa msibani, watu wanatutazama. Mwishoni nilimwambia mchapaji auache wazi. Ndiyo maana kwenye ratiba zenu pana nafasi tupu. Si kosa la mashine.

Miaka mitatu ni mingi kwa nyumba ya dobi. Baba alifariki Februari 1980 kwa ugonjwa wa mapafu, na dada akashika pasi. Adhabu ilipokwisha, mwaka 1981, mimi nilikuwa kidato cha nne, na nyumba ingeweza kumwachia mtu mmoja tu akae na vitabu. Dada aliniletea madaftari yake kumi na moja, yamefunikwa kwa karatasi za kahawia za dukani. Nilisoma kwa maandishi yake. Nikapata daraja la pili, nikaenda chuo cha uuguzi. Daftari lake la biolojia ndilo lililonifanya muuguzi, na nalisema hili mbele yenu nikiwa na akili zangu timamu.

Februari 1982 aliajiriwa kuwa mhudumu wa maabara katika shule ya sekondari ya kutwa, ile aliyoitumikia mpaka akastaafu. Mkuu wa shule wa wakati ule, mama mmoja mkali aliyefunga miwani yake kwa kamba, alimhoji akiwa amesimama.

"Una cheti?"

"Sina."

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Sasa nikuandike nini, mwanangu?"

"Niandike nilivyo."

Akaandikwa kidato cha nne, hakuna matokeo. Maneno hayo yalimfuata miaka thelathini na tisa. Kila vyeo vilipopangwa upya walifungua faili, wakaona pale pa cheti hapana kitu, wakalifunga. Aliingia mhudumu, akatoka mhudumu. Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo vya kioo, kuandika lebo, kupima dawa, kutayarisha meza ishirini za majaribio na kuzisafisha baadaye. Wanafunzi walimwita Mama Chupa. Alijua kila chupa kwa uzito wake. Ungemfumba macho na kumpa mkononi, angekwambia ni ipi na imebaki kiasi gani. Walimu waliotoka vyuoni na shahada mpya walimfuata stoo wakijifanya wanatafuta chaki. "Mama, samahani, ile asidi tunaizimua vipi?" Naye aliwajibu bila kugeuka: "Asidi iingie kwenye maji, mwanangu, si maji kwenye asidi. Ukikosea utarushwa nje ya dirisha pamoja na shahada yako."

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na fundi wa viti na makochi, shemeji yangu huyu mnayemwona amekaa mbele. Shemeji aliishia darasa la nne, na ni mtu pekee ninayemjua ambaye shule haijamdai wala yeye haidai. Ukimwuliza ilikuwaje atakwambia, "Mwalimu aliniambia nitoke nje, nami nikatoka jumla." Katika miaka yao thelathini na minane na ushee hawakugombania kitu kama walivyoligombania hilo la shule.

"Mke wangu, mbona mimi nakula, nalala, na makochi yananunuliwa?"

"Wewe uliacha. Mimi nilinyang'anywa."

"Si yote ni kutokuwa na cheti?"

Hapo dada alikuwa akitoka chumbani. Shemeji ameniomba niseme kwamba hakuwa akimdharau. Alikuwa akitafuta njia ya kumwondolea uchungu ule, na hakuiona.

Tangu 1983 dada aliandika barua kwa ofisi ya mitihani, moja kila mwaka, wakati mwingine mbili. Alipata majibu mara mbili, yote yakisema suala lake linashughulikiwa. Agosti 1996 alichukua likizo, akaniomba nimsindikize, tukaenda wenyewe. Tulipelekwa chumba hiki, tukarudishwa chumba kile, mpaka tukafikishwa kwa karani mmoja wa mafaili aliyekuwa karibu kustaafu. Chumba chake kilikuwa na harufu ya vumbi na gundi, na kiti cha mgeni kilikuwa kimoja, kwa hiyo mimi nilisimama.

"Mama, unatafuta nini hasa? Cheti?"

"Hapana. Cheti najua sitapewa. Nataka kujua nilipata ngapi. Hata kwa mdomo tu. Hata biolojia peke yake."

Yule karani akavua miwani akaiweka mezani. "Nani alikwambia ulipata kitu? Karatasi zikifutwa hazisahihishwi. Mifuko yenu haikufunguliwa. Ilikaa stoo mwaka mmoja, halafu ikachomwa kwa utaratibu. Nilikuwepo."

"Hakuna hata mmoja uliofunguliwa?"

"Hata mmoja, mama yangu. Pole sana."

Dada alimshukuru. Alisimama, akakirudisha kiti mahali pake, tukatoka. Kwenye basi hakulia. Tulipokuwa tumekaribia nyumbani ndipo aliposema, "Miaka kumi na minane nimeuliza kitu ambacho hakipo. Si kwamba wamekificha. Hakipo." Nilitafuta neno la kumwambia. Nilikuwa muuguzi kwa miaka kumi na miwili, nimewapa watu habari za vifo vya watoto wao, na sikulipata. Nilimnunulia maji dirishani, akayashika mpaka tukashuka, hakuyanywa. Baada ya siku ile hakuandika tena barua.

Mwaka 2001, akiwa na miaka arobaini, alijiandikisha kuwa mtahiniwa wa kujitegemea. Aliketi meza moja na binti yake, aliyekuwa sekondari wakati huo, mama upande huu na mtoto upande ule, taa moja katikati. Binti ndiye aliyekuwa akiuliza maswali. Walimu wa shuleni kwake walikuwa na uhakika naye kiasi kwamba walikwisha kumwandalia cheo.

Mtihani ulianza Jumatatu, tarehe 4 Novemba 2002, katika ukumbi wa shule ileile aliyofanya kazi, pamoja na watoto aliowaoshea vyombo. Aliandika namba yake. Akaanza vizuri. Baada ya kama nusu saa msimamizi mmoja alifungua mlango kuleta karatasi za ziada, na mkono wa dada ukasimama. Aliniambia, "Kichwa kilikuwa kinajua. Mkono ulikataa." Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, masomo yote manane. Mlango ukifunguliwa, basi. Siku ya biolojia msimamizi mwingine, kwa kumhurumia, aliegemeza kiti chake mlangoni asiingie mtu. Dada akakaa saa mbili na nusu akiutazama ule mlango usiofunguka. Alikabidhi karatasi yenye namba yake tu.

Matokeo yalitoka mwanzoni mwa 2003. Alifeli yote. Alikuja kwangu na ile hati ya matokeo ndani ya mkoba, nami nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya kumfariji.

"Isome," akaniambia. "Ina jina langu."

"Nimeona, dada. Pole."

"Usinipe pole. Hii angalau nimefeli mwenyewe."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, nami nikacheka naye, na sijui ni wakati gani tulikuwa hatucheki tena. Siku hiyohiyo ndipo nilipotambua jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote. Sebuleni kwangu cheti changu cha uuguzi kimetundikwa kwenye fremu, na kila dada alipokuja alikaa kiti kinachokipa mgongo. Alipoondoka nilikishusha nikakitia kabatini. Safari iliyofuata hakumaliza hata salamu.

"Kiko wapi?"

"Kipi?"

"Usinifanye mtoto. Kirudishe ukutani. Nusu ya kile ni maandishi yangu."

Nilikirudisha. Naye akaketi palepale pa siku zote, mgongo ukutani.

Binti yake alimaliza kidato cha nne mwaka 2003 na akafaulu kuliko mtu yeyote katika familia hii, mimi nikiwemo. Dada hakulala kwa furaha. Alimnunulia sanduku la bati, akalipaka rangi kwa mkono wake, akamsindikiza kidato cha tano shule ya bweni. Siku ya kumi na sita binti alirudi na sanduku lake, akaliweka chini uani. Mwenyewe yupo hapa, na amenipa ruhusa nisome waliyoambiana.

"Wamekufukuza?"

"Hapana, mama. Nimeondoka."

"Kwa nini?"

"Nikisoma, nasoma kwa ajili yako au kwa ajili yangu?"

"Kuna ubaya gani ikiwa ya wote wawili?"

"Nikiingia darasani nakuona wewe, mama. Mlango ukifunguka, nashtuka mimi. Siwezi kutubeba wawili."

Shemeji alikuwa akipigilia misumari kwenye kochi pale uani, na alisema kwamba hakujua aendelee au aache, kwa hiyo aliendelea. Dada alilichukua sanduku akaliingiza ndani. Kwa miezi mitatu mama na mwana walizungumza habari za chumvi na maji tu. Leo binti huyu ni fundi wa simu, ana duka lake na mafundi watatu chini yake. Dada alikuwa akimpelekea simu isiyo na ubovu wowote, ili tu amtazame akiifungua, na alikuwa akituambia sisi, "Mmeiona ile mikono? Haitetemeki." Lakini binti mwenyewe dada hakumwambia. Alijaribu, najua, maana alikuwa akinipigia simu ananiambia leo nakwenda kumwambia, na jioni ananiambia nimeshindwa pa kuanzia.

Kuna jambo jingine ambalo marehemu aliniagiza nisilifiche siku kama hii. "Wasije wakanifanya malaika," alisema. Mwaka 2009, siku moja kabla ya mtihani wa vitendo wa kemia, alikuwa ameshatayarisha chupa za chumvi ambazo watahiniwa walitakiwa kuzitambua wenyewe. Alipokwenda kuchota maji nyuma ya tangi aliwakuta wanafunzi wanne wameinamia karatasi yenye majibu, kwa mwandiko wa mwalimu wao. Alimfuata mwalimu.

"Mwalimu, watoto wanaijua chumvi ya kesho."

"Wewe una cheti gani cha kunifundisha kazi yangu?"

Darasa lile lilikuwa na watahiniwa mia moja na kumi na wawili. Dada aliwajua kwa sura, na alijua wengi wao hawakuwa na karatasi wala habari. Alirudi nyumbani akamweleza mumewe. Shemeji akaweka nyundo chini. "Ukisema itakuwaje?"

"Watafutwa wote."

"Na usiposema?"

"Nitakuwa nimeiba nao."

Waliketi mpaka chai ikapoa, na hakuna kilichopatikana katika kuketi kule. Asubuhi alikwenda kazini akapanga chupa mezani. Hakusema kwa mtu. Matokeo yalipotoka shule ilifanya sherehe, mwalimu yule akabebwa juujuu, na dada akaomba ruhusa kwamba anaumwa. Alibeba jambo lile miaka kumi na minne. Mimi aliniuliza mara nyingi, "Ungefanyaje wewe?" na kila mara nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Kama mpo hapa mliokuwa katika darasa lile, Mama Chupa hakuwa na kinyongo nanyi. Aliwaogopea.

Alistaafu Machi 2021. Walimpa saa ya ukutani na cheti cha utumishi bora. Alikigeuza nyuma na mbele, akamwuliza mkuu wa shule mbele ya wageni, "Na hiki kinaniruhusu kuingia wapi?" Watu wakacheka, naye akakikunja akakitia mfukoni. Miaka miwili iliyofuata alikaa nyumbani, akisaidia kupasua vitambaa vya makochi, na akafundisha jirani zake watatu wa rika lake kusoma majina ya dawa zao. Nadhani ilikuwa miaka mizuri. Hakuilalamikia.

Jumanne, tarehe 25 Julai 2023, asubuhi, akiosha vikombe, alianguka. Kiharusi kilichukua upande wa kulia na kikachukua maneno yote isipokuwa moja. Madaktari walituambia hutokea hivyo, kwamba ulimi hubakiza neno moja na mgonjwa halichagui. Kwa dada lilibaki neno "bado". Umekula? Bado. Unaumwa? Bado. Ni mimi, mdogo wako, unanijua? Bado, akiwa ameushika mkono wangu kwa nguvu zote za kushoto.

Kulikuwa na kitu alichokitaka. Wote tuliokuwa tukimwuguza tulikiona. Alikuwa akielekeza mkono kabatini, halafu dirishani, halafu kwetu. Tulimletea shuka, redio, picha ya baba, bahasha ya barua zake za zamani. Bado. Tulimgeuza kitanda aangalie nje. Bado. Mpwa wangu wa kiume, dereva wa gari la wagonjwa, aliyezoea kuokoa watu wa wengine, alikuwa akikaa sakafuni anamtajia vitu kimoja kimoja kama anayeita orodha ya darasa, mpaka sauti ikamkauka. Ndipo binti akapata wazo. Alichora alfabeti yote kwenye ubao mwembamba, herufi kubwa, ili mama yake aelekeze kwa kidole cha kushoto. Alimwekea mapajani. Dada aliutazama ubao ule kwa muda mrefu. Aliutazama kama mtu anayeonyeshwa picha ya mji asioufahamu. Halafu akausukuma polepole, akamrudishia mwanawe, na akampapasa mkono ule aliochorea, mara nyingi, kwenda na kurudi. Binti alitoka nje. Mimi nimefanya kazi ya uuguzi zaidi ya miaka thelathini, na nilisimama pale na kijiko cha maji mkononi kama mgeni.

Hatukujua alichotaka. Nimeona niwaambie hivyo hivyo, kwa sababu wengi mmetuuliza alituachia neno gani.

Wiki ya kumi na moja hali yake ilibadilika. Alhamisi, tarehe 12 Oktoba 2023, saa tisa alasiri, mimi na binti yake tulikuwa tukimbadilisha ubavu. Dirisha lilikuwa wazi, na uani shemeji alikuwa ameacha kazi, amekaa juu ya kochi lisilo na kitambaa. Nilimwinamia nikamwuliza, "Dada, umechoka?" Nikangoja neno lake. Binti naye alikuwa akilingoja, nilimwona. Hakulisema. Alivuta pumzi tatu, ya tatu fupi, na akawa ameondoka kabla hatujamaliza kumlaza vizuri.

Marehemu ameacha mume, fundi wa viti na makochi, binti mmoja, fundi wa simu, mwana mmoja, dereva wa gari la wagonjwa, wajukuu watano, wawili kati yao wako shuleni saa hizi kwa sababu babu yao amesema kila mtu aamue mwenyewe, nao wakaamua kwenda. Ameacha pia mdogo wake wa kiume, fundi bomba, na mimi.

Tulimpenda, na hatukuweza kumfanyia kitu. Alale. Amani impate huko alikokwenda, na itukumbuke na sisi tuliosimama hapa.